Boksi la Seli za Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini Mafia sikufunga kidonda hata kimoja. Muuguzi Mkuu, mama mnene mwenye sauti ndogo, alinipa kigoda, akanikalisha kwenye kona ya chumba cha vidonda na kuniambia nitazame tu. Nilikuwa nimetoka Njombe, bahari nimeiona juzi yake kwa mara ya kwanza, na kichwa bado kilikuwa kinayumba. Saa saba mchana akaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba nimejifunza kukunja shashi za kufunikia vidonda.

"Shashi hata mashine inakunja," akasema. "Mimi nilitaka uone nani anasema uongo."

Alikuwa na maana ya wagonjwa. Kuna anayeapa kwamba hakuingia baharini huku chumvi imekauka kwenye bendeji. Kuna anayesema vidonge amevimaliza, kumbe kamgawia shemeji. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza maneno ya mgonjwa huku namtazama miguu.

Nyinyi wauguzi wa leo mnafungua pakiti, sisi tulichemsha. Koleo, mikasi na bakuli vyote vilipita kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Kazi kubwa ilikuwa kukwangua, yaani kuondoa nyama iliyokufa ili iliyo hai ipate nafasi ya kuota. Kidonda kikianza kutoa vipunje vyekundu, tulijua kinaelekea pazuri. Kikibaki kijivu, tulikwangua tena na kusubiri.

Hifadhi ya bahari, iliyopiga marufuku uvuvi wa baruti, ilipokwisha kushika mizizi, wavuvi waliojeruhiwa na baruti walipungua. Waliongezeka akina mama wa mwani, ambao hushinda na miguu majini wakifunga miche kwenye kamba. Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka zahanati ya Kanga, nilikokaa miaka sita, na chumba cha vidonda kilikuwa chini yangu.

Hapo ndipo alipoletwa Bi Mwanaidi kutoka Bwejuu. Alikuwa amekanyaga kigingi cha shamba lake la mwani, akakifunga kidonda kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Alikuwa na kisukari asichokijua. Nilikifunga kidonda kile zaidi ya mwaka mzima na hakikutoa kipunje hata kimoja chekundu. Mganga Mkuu alikuja, akakitazama, akaniita pembeni. "Sista, kikivuka kifundo tunaukata mguu. Muandae."

Nilipomwambia, Bi Mwanaidi aliniuliza bila kupandisha sauti, "Nikikatwa mguu, mwani wangu nitaufuata na nini? Nitatambaa?" Alikuwa mjane, na shamba lile ndilo lililomfanya asimtegemee mtu.

Mwezi uliofuata akafika Daktari Bingwa wa vidonda kutoka Dar es Salaam, kijana mrefu asiyecheka, akitafuta wagonjwa wa kujaribia tiba ya seli shina. Mimi nilikuwa sijawahi kuzisikia. Akanieleza kwamba ni chembe hai ambazo bado hazijachukua kazi maalumu mwilini, nikamwambia basi ni kama mwajiriwa mpya ambaye hajapangiwa kituo. Akakubali, ila akaongeza kwamba kwenye kidonda hazifanyi kazi peke yake. Huziamsha na zile seli wenyeji zilizokata tamaa. Wangezichota kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa wa nyonga, wazikuze maabara kwa majuma kadhaa, kisha wazirudishe kwa mwenyewe.

"Ni majaribio," alimwambia Bi Mwanaidi. "Siahidi kitu."

"Ni zangu mwenyewe?"

"Zako."

"Basi nichote."

Akaenda Dar, akarudi analalamika kwamba wamemchimba nyonga kama wanatafuta maji. Majuma yakapita. Daktari Bingwa akatangulia kuja kukisafisha kidonda, na seli zikawa zinafuata asubuhi ya pili kwa ndege ndogo, ndani ya boksi.

Uwanja wa ndege tulikuwa na Bwana Faki, mpakiaji mizigo, mtu mwema na msafi wa kazi. Sidhani kama kuna mtu Mafia aliyepakia pweza wengi kuliko yeye. Nikampigia simu. "Faki, linakuja boksi la Bi Mwanaidi. Ndani mna vitu hai. Nakuomba sana, lisipate joto."

"Sista, umenijua leo?" akajibu, kama aliyeudhika kidogo.

Gari letu likapata pancha, tukachelewa karibu saa mbili. Nilimkuta Faki amelisimamia boksi kivulini, uso umemkunjuka.

"Shikamoo, Sista. Huko Dar wamelifunga ovyo, halina barafu hata chembe. Nimeliokoa."

Alikuwa amelifungua na kuvizika vichupa vya seli kwenye barafu ya kusaga, na kwa kuwa anaijua kazi yake, barafu ameitia chumvi ili izidi baridi. Ndivyo alivyofanya miaka yote na hakuna pweza aliyewahi kumharibikia. Nilimwitikia marahaba, nikaingiza vidole kwenye barafu. Vichupa vilikuwa vigumu kama kokoto.

Daktari Bingwa aliviinua kwenye mwanga, akavirudisha mezani taratibu. Maji yakiganda ndani ya seli huipasua, akanieleza. Zilitakiwa zisafiri kwa ubaridi wa chumba cha kawaida tu. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Mwambie mgonjwa hazikukomaa vizuri," akasema. "Akisikia kwamba tumeziua kwa uzembe, hatakubali kuchomwa tena. Na huo mguu hautangoja."

Alikuwa na hoja, nami sikuipuuza. Nilizunguka nyuma ya wodi mara mbili nikiwaza. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimembana yule mama aniambie ukweli kuhusu chumvi na vidonge, na yeye, kwa shida, alikuwa amefika mahali pa kuniambia. Nikaingia, nikaketi kando ya kitanda.

"Bi Mwanaidi, seli zako zimekufa. Nilimwambia Faki zisipate joto. Sikumwambia zisipate barafu. Kosa ni langu, si lake."

Alikaza khanga kifuani. Kisha akauliza, "Kaitia na chumvi?"

"Kaitia."

Akacheka mpaka mgonjwa wa pili akageuka kututazama. "Yaani Faki kanifunga kama pweza wake." Kicheko hicho hicho kikageuka kilio, nami nikalia naye, jambo ambalo Muuguzi Mkuu wangu wa zamani asingelisamehe. Alipomaliza alijifuta uso. "Nitakwenda wakanichome tena. Lakini likirudi, nalipokea mimi. Nyinyi wasomi mmeshanishinda."

Ikawa hivyo. Siku boksi la pili lilipokuja alikuwa uwanjani tangu asubuhi, amekaa kiti cha plastiki na mguu ameupumzisha juu ya kingine. Alilipakata boksi njia nzima mpaka hospitali, Faki kando yake akilikinga jua kwa mwavuli, hathubutu hata kuligusa. Daktari Bingwa akazichoma seli kidogo kidogo kuzunguka kingo za kidonda, nyingine akazipaka katikati zikiwa ndani ya ute mzito. Baada ya wiki tatu niliona kipunje chekundu. Nilimwita kila aliyekuwa karibu, mpaka mfagizi.

Mwezi wa tano tangu achomwe, kidonda kilifunga. Mkiniuliza kama ni seli shina, nitawaambia sijui. Sukari yake nayo ilikuwa imeshuka. Na kwa mara ya kwanza Bi Mwanaidi alikaa nje ya maji miezi mitano, kwa sababu zile seli zilikuwa zake na hakutaka kuziharibu mara ya pili. Daktari Bingwa aliandika ripoti yake ndefu. Mimi kwenye daftari niliandika "kimefunga", na sikumbuki neno lililonipa furaha zaidi katika kazi yangu yote.

Sasa nimestaafu na sijarudi Njombe. Baridi ya kule imeshanikataa. Nikikumbuka makosa yangu, lile ndilo linalokuja kwanza, na sijutii kulisema. Siku ya kuniaga pale hospitali, Bi Mwanaidi alikuja kwa miguu yake miwili na kapu la pweza, ndani ya barafu na chumvi. "Kalifunga Faki," akasema. "Hapa hakukosea."

Nilimtazama miguu kabla sijapokea kapu. Kovu lilikuwa kavu, zima, linang'aa. Katikati ya vidole chumvi ilikuwa imekauka, nyeupe.

"Viatu vya mpira unavaa ukiingia majini?" nikamuuliza.

"Navaa, Sista. Kila siku."

Nikapokea kapu, nikamshukuru.