Sentensi Moja kwa Mama wa Samuye

Siku ya kliniki ya matiti naamka nimeshachoka. Kabla sijavaa koti la kazi, benchi limejaa: huyu katoka Tinde, yule katoka machimboni Geita, na kila mmoja kesho yake anajiona yuko kaburini. Wengi wana uvimbe usio saratani. Nami narudia yale yale mpaka najichosha masikio: tutachoma sindano, sampuli itakwenda Mwanza, subiri majibu, usihangaike.

Mmoja alitoka Samuye, kaja na mama mkwe wake. Uvimbe ulikuwa mdogo kama punje ya karanga, ukiugusa unateleza. Daktari alivuta sampuli, mimi nikaandika lebo. Niliona kanga yake imelowa maziwa. Niliona kabisa, nikaita anayefuata.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Daktari akamsomea majibu: si saratani, wala hakuna haja ya kupasua, arudi tu baada ya miezi sita uvimbe uangaliwe tena. Nilitegemea atacheka. Akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo, nesi, maziwa yangu hayakuwa na sumu?"

Nikauliza nani kasema yana sumu. Mama mkwe akajibu bila kuficha, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, ziwa likiugua si linamuua mtoto? Tulipaka mwarobaini, akaacha kunyonya." Mtoto wa miezi saba, tangu siku ile ya sindano, alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe na kulelewa mgongoni kwa bibi yake.

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na hasira, lakini nyingi zilikuwa juu yangu mwenyewe. "Endelea kunyonyesha." Ni sentensi moja tu. Siku ile ya sindano sikuisema kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Bibi alikuwa na mtoto mgongoni. Nikamshusha, nikamwambia mama maziwa huweza kurudi mtoto akinyonya mara kwa mara, nimeshaona. Akajisafisha kwa maji ya uvuguvugu, nikamweka mtoto kifuani. Mtoto alinusa, akamtazama mama yake usoni, halafu akageuka, akalia, akamnyooshea bibi mikono.

Mama akajifunga kanga yake taratibu.

"Asante, nesi," akaniambia. "Mmenisaidia sana."

Alisema kwa moyo wote. Benchi lilikuwa bado limejaa.