Mlima Uko Upande Gani

Kabla sijasimulia siku yenyewe, nieleze kwanza jinsi nilivyokuwa natembea, maana bila hilo hutaelewa kwa nini niliogopa kiasi kile.

Macho yangu yana presha. Daktari aliniambia nikiwa bado nafundisha darasa la tatu, akanichorea duara kwenye karatasi: hapa katikati utaona, huku pembeni giza litakuwa linasogea kidogo kidogo. Limesogea. Sasa naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji, na jua likiwaka sana hata kile cha ndani ya bomba kinageuka weupe mtupu. Nilipostaafu nikabaki peke yangu kwenye nyumba tuliyojenga na marehemu mume wangu hapa Kihonda, Morogoro. Mtaani sikumwambia mtu. Nilinunua mwavuli mrefu wenye ncha ya chuma, nikawa natoka nao masika na kiangazi. Watu waliona mwalimu na mwavuli wake. Mimi nilijua ni fimbo.

Njia niliijifunza kwa masikio. Kama na wewe macho yameanza kukuacha, usikate tamaa. Jambo hili halihitaji akili nyingi, linahitaji kurudia. Chagua njia moja tu kwanza. Yangu ilikuwa ya kutoka kituo cha daladala hadi getini kwangu. Nikiwa kwenye gari natoka stendi ya Msamvu, nilikuwa nasikiliza mashine ya kusaga, maana iko kituoni kabisa na inanguruma kutwa nzima. Nikiisikia inakaribia nasema, "Shusha." Nikishuka nanusa pumba, naingia mtaa unaopita ubavuni mwa mashine, na ardhi inaanza kuteremka kidogo chini ya nyayo. Mbele kuna fundi anayechomelea mageti. Ule mlio wake wa kukwaruza hewa ukinifikia begani nakata kulia. Halafu muziki wa kinyozi. Nikishaupita, nahesabu hatua sitini na nne, naunyoosha mwavuli, unagonga geti langu.

Niliifanyia mazoezi njia hiyo miezi mingi, asubuhi na alasiri, mpaka miguu ikawa inaijua bila kuniuliza.

Kilichonishinda ni watu. Mashine haikudai salamu. Lakini mtu anayekuja mbele yako, kama huoni sura yake, utajuaje kama ni mkubwa wako unayepaswa kumpa shikamoo, au ni mtoto uliyemfundisha wewe, anayepaswa kukuamkia? Siku moja nilimpa shikamoo kijana muuza maji, akacheka hadi akaegemea toroli lake. Siku nyingine niliamkia dera lililoanikwa kwenye kamba. Lilipokaa kimya nikaondoka nimenuna. Baada ya hapo nikaacha kabisa. Nikawa napita nimenyoosha shingo, na mtaa ukasema mwalimu siku hizi ana maringo. Nikaona afadhali maringo kuliko kuhurumiwa.

Aliyejua ni mwanangu tu. Ni binti yangu pekee, anaishi Dar es Salaam, na alikuwa ameshaniomba mara nyingi nihamie kwake, nyumba tuipangishe. Ijumaa moja jioni alifika, akaona kovu jipya la moto mkononi mwangu.

"Mama, Jumapili tunaondoka wote."

"Nani kakwambia mimi naondoka?"

"Huo mkono."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo naiogopa kuliko ukali: "Haya. Kesho nenda Msamvu peke yako, uniletee nazi mbili, urudi kabla ya adhana ya adhuhuri. Mimi nitakaa humu ndani. Sitakufuata, sitakupigia simu. Ukiwahi, habari ya kuhama sitaitaja tena. Ukichelewa, unafunga mizigo na huninunii."

"Nazi mbili tu? Kwa nini nisilete gunia?"

"Mbili, mama. Na uzitikise kwanza, wasikupe zilizokauka maji."

Basi nyumba yangu ikawa imewekwa kwenye nazi mbili.

Kwenda kulikuwa rahisi. Nilishuka Msamvu, nikafuata harufu ya mihogo ya kukaanga hadi kwa wauza nazi, nikazitikisa moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akauliza kama nataka nazi au ngoma. Saa tano na nusu nilikuwa nimeshakaa kwenye gari la kurudi, kapu liko mapajani, moyo umetulia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumtania binti yangu.

Gari likatembea, likasimama, likatembea. Nilisubiri mashine. Nikaona kama leo barabara imerefuka, lakini nikajiambia ni haraka yangu tu. Ndipo nikasikia mngurumo ule mkono wa kushoto.

"Shusha."

Nilishuka, nikauacha mngurumo begani kwangu kulia kama kawaida, nikaingia mtaani. Hatua kumi. Ishirini. Ardhi ilipaswa kuteremka. Ilikuwa inapanda.

Nikasimama. Nikavuta hewa kutafuta pumba, nikapata dizeli.

Haikuwa mashine ya kusaga. Ilikuwa jenereta. Umeme ulikuwa umekatika, mashine yangu ilikuwa imenyamaza, na gari lilikuwa limenipitisha kituo changu huku nimeketi ndani yake natabasamu. Nikategea sikio fundi wa mageti, nikategea muziki wa kinyozi, ingawa nilijua kwamba hata ningekuwa mtaani kwangu nisingevisikia. Ramani yangu yote ilikuwa imechomekwa kwenye umeme. Mwalimu mzima, miaka yote ile ya kuwafundisha watoto kufikiri, na jambo hilo halikuwahi kunijia.

Mtu akipotea usiku anajua kutapambazuka, lakini mimi nilikuwa nimepotea mchana kweupe, na weupe wenyewe ndio ulionizunguka. Jua lilikuwa utosini, halina upande. Niligeuka ili nirudi barabarani, na nilipogeuka sikuwa na hakika tena kama nimegeuka nusu au nimezunguka duara zima. Jenereta ilikuwa inapiga kwenye kuta, mngurumo unatoka kila mahali. Nikapiga hatua, mwavuli ukagusa ardhi. Nikapiga ya pili, mwavuli ukagusa hewa.

Mguu ulikuwa umeshatangulia.

Ulikuwa mtaro. Niliangukia goti ukingoni, mkono mmoja ukashika saruji, kapu likapinduka. Nazi moja ilibingirika ikanigonga kiatu. Ya pili nilisikia kimya chake kwanza, halafu chubwi, chini sana kuliko nilivyotarajia. Kwa sauti ile nilijua kina cha mahali ambapo mimi mwenyewe ningekuwa nimelala.

Nilibaki nimechuchumaa pale, nimekumbatia kapu. Simu ilikuwa kwenye pochi. Namba ya binti yangu ilikuwa kwenye kitufe nilichobandikia plasta. Kubonyeza mara moja tu. Angekuja mbio, angenifuta matope, wala asingenisimanga. Ila nilijua kwamba tangu dakika hiyo nisingetembea tena bila mkono wa mtu kiwikoni, popote, hadi naingia kaburini. Kidole kiliigusa ile plasta.

Ndipo adhana ikasikika, nyembamba, bila kipaza sauti, sauti ya mtu mmoja kwa mdomo wake. Adhuhuri. Nikajua nyumba imekwenda.

Nikaondoa kidole. Sijui nieleze vipi. Pengine ni kwa sababu muda wa kuwahi ulikuwa umeshapita na sikuwa na cha kushindania tena. Nilichotaka ni kujua tu niko wapi. Jenereta ikapumua kidogo, na katika kupumua kule nikasikia vizibo vya soda vinagongwa kwenye ubao. Drafti. Wanaume wanacheza drafti kivulini, si mbali.

Nikainuka. Sikujua ni wangapi wala wa umri gani. Nikatoa salamu kwa wote.

"Shikamooni."

Kicheko kikalipuka. "Marahaba, mjukuu wangu," mmoja akajibu kwa sauti ya kizee ya kuigiza. "Mama yako hajambo?"

"Acha ujinga, huyo ni mwalimu," akasema mwingine.

"Mwalimu gani?"

"Wa kule mashineni. Ana maringo huyo. Kila siku napishana naye pale kwa kinyozi na pikipiki yangu, hata kunitazama hanitazami. Leo ametuona."

"Sijawaona," nikasema. "Ndiyo maana nimewapa shikamoo wote. Macho yangu hayaoni."

Lile neno sikuwahi kulisema kwa mtu wa mtaani.

"Hata mimi hapa hunioni?" akauliza yule aliyesema nina maringo.

"Naona kitu cheusi. Inaweza kuwa wewe, inaweza kuwa pikipiki."

"Ni pikipiki hiyo," mwenzake akasema. "Yeye yuko huku."

Wakacheka tena, na mimi nikajikuta nacheka. Yule wa maringo akaniambia nipande anipeleke, hela hataki. Nikamwambia nikipanda sitajua nilikopita, na kesho nitapotea palepale. Anielekeze.

"Rahisi tu. Unaona lile bango la..."

"Haoni, wewe."

"Ah. Basi rudi pale, uende kule, ukifika pale..."

Watu wengi huelekeza hivyo, usiwalaumu. Anayeona hana haja ya maneno, anayo mikono. Ukiwa kama mimi, kazi ya kuwafundisha ni yako, na ukiwauliza vizuri wanajifunza upesi. Nilifikiri kidogo nikatafuta swali ambalo mtu yeyote wa Morogoro, mji uliolala chini ya mlima, analijibu hata akiamshwa usingizini.

"Mlima uko upande gani?"

Walijibu wote kwa pamoja, "Kule," na nina hakika mikono yote ilinyooshwa upande mmoja. Kisha yule wa maringo akaja karibu. "Samahani, mwalimu," akasema, akanishika mabega, akanigeuza taratibu kama nilivyokuwa nawageuza watoto wa darasa la kwanza waelekee ubao. "Sasa uko usoni kwako. Umejifunika mawingu, lakini upo."

Sikuuona. Lakini nilisimama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu nishuke garini.

Mengine tuliyajenga juu ya hapo. Nilisema nataka alama isiyohitaji umeme, wakabishana. Mmoja akataja muuza mkaa, mwenzake akasema huyo leo hakufungua. Mwishowe wakakumbuka matuta ya barabarani, yaliyo mkabala na mashine. Magari yote hupunguza mwendo pale, na malori yakivuka hugonga mara mbili, gu-gu, gu-gu. Wakanifikisha ukingoni mwa barabara kuu, wakaniweka. Mlima usoni, barabara mkono wa kushoto. Matuta yakinifikia, nikate kulia. Nikayarudia mara tatu, wakanisahihisha mara moja.

Kile kipande cha barabara kilinitisha kuliko mtaro. Malori ya Dodoma yalikuwa yakipita hivi ubavuni, upepo wake unavuta khanga yangu kuelekea kwenye matairi. Nilitembea ncha ya mwavuli ikikwaruza kokoto upande wa kulia, nikisema kimoyomoyo: usoni, kushoto, usoni, kushoto. Nyuma yangu mtu alikuwa akisukuma pikipiki iliyozimwa. Nilisikia mnyororo wake. Sikugeuka, naye hakusema kitu. Kisha mbele yangu, gu-gu. Gu-gu.

Nikakata kulia. Mashine ilikuwa kimya lakini pumba ilikuwa inanuka vilevile. Ardhi ikateremka. Nilipokadiria nimefika kwa fundi, nikasema shikamoo kwenye ukimya.

"Mara... ah, mwalimu! Unaniamkia mimi?"

"Hapa ndipo kwako?"

"Ndipo. Ila umeme hakuna."

"Najua," nikasema, nikakata kulia.

Kwa kinyozi nako niliuliza. Hatua sitini na nne. Kabla mwavuli haujagonga, geti lilifunguliwa.

"Umechelewa," binti yangu akasema.

"Nimechelewa. Na nazi ni moja."

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alisema umeme ulipokatika alisikia mtaa mzima umenyamaza, akajua sitasikia kituo. Alikuwa amefika getini mara tano na kurudi ndani, kwa kuwa aliahidi. Nilimsimulia yote, mtaro na plasta ya simu pia, maana sikutaka kuibakisha nyumba kwa uongo.

"Uliwaambia kwa mdomo wako kwamba huoni?"

"Niliwaambia."

"Mimi siku zote naogopa utaanguka katikati ya watu wanaodhani unaringa."

Akaketi kwenye mbuzi, akaanza kukuna ile nazi moja. Nilisikiliza meno ya chuma yakila.

"Jumatatu utatoka?"

"Nitatoka."

"Na umeme ukikatika tena?"

"Nitauliza mlima uko upande gani."

Akaendelea kukuna. "Basi Jumapili nitaondoka peke yangu," akasema.

Jumatatu asubuhi nilisimama ndani ya geti, mkono kwenye komeo, kwa muda ambao sipendi kuutaja. Nje nikasikia ndala zinakuja, nyepesi au za mtu mzima aliyechoka, sikuweza kujua. Nikafungua.

"Shikamoo," nikasema.