Mkono wa Kuuza Dawet

Kila alfajiri, kabla Sarjono hajarudi kutoka msikitini, mkewe Wagiyem huwa ameshakung'uta shuka na kulifagia godoro kwa kifagio cha njiti za mnazi. Magamba ya ngozi yake huanguka sakafuni, meupe kama machicha ya nazi, naye huyazoa na kwenda kuyamwaga nyuma ya banda la kuku. Kazi hiyo ameifanya miaka mingi. Mume anajua, na mke anajua kwamba mume anajua, lakini hawajawahi kulizungumza jambo hilo. Ndivyo watu wa Klaten, kisiwani Java, wanavyostahiana: ukiiona aibu ya mwenzako, unageuka kuangalia mti.

Ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi. Kwa Wagiyem ulianzia kwenye viwiko, ukashuka magotini, ukapanda kichwani, kisha kama mgeni asiyejua kuaga ukahamia mikononi. Ngozi inakuwa nene na nyekundu, inapasuka, inabanduka. Ukijikuna unatoka damu, usipojikuna hulali. Na kwa kawaida hauui, jambo ambalo nalo ni sehemu ya mzigo, maana ugonjwa usioua watu hawauonei huruma. Wanakuuliza tu, mwaka hadi mwaka, "Bado hujapona?" kana kwamba umekataa kwa ukaidi.

Zamani Wagiyem alikuwa akiuza kinywaji cha dawet sokoni. Alianza Ningrum, mtoto wake wa pekee, angali mgongoni. Alikuwa na vyungu viwili, kimoja cha tui la nazi na kimoja cha sukari guru iliyoyeyushwa, na beseni la tambi fupi za kijani za unga wa mchele, laini mpaka zinateleza kooni zenyewe. Mteja alipoketi, Wagiyem alimuuliza kabla ya kupakua, "Tamu ya mchumba au tamu ya mume wa zamani?" Watu walicheka, hata waliokwisha kuusikia mzaha huo mara mia. Wengine, nadhani, walikuja kwa ajili ya mzaha kuliko kinywaji.

Mikono ilipoharibika, hakuna aliyemwambia neno. Wateja walianza tu kushiba. "Nimetoka kunywa chai sasa hivi, Mama Ningrum." "Leo koo linaniwasha." Wakapita, wakitabasamu, wakaenda kunywa kwingine. Basi Wagiyem akasema mgongo unamuuma, akamwachia kibanda mdogo wake, Ginem. Akawa anapika nyumbani na Ginem anauza. Waliokuwa wameshiba wakaona njaa tena, wakamsifu Ginem kwamba ana mkono mtamu kuliko wa dada yake. Dawet ilikuwa ileile, imepikwa na mikono ileile iliyowakimbiza. Mimi jambo hilo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja, ila Wagiyem hakucheka wala hakuudhika. Alikuwa amechoka.

Kisha Ningrum akachumbiwa. Mchumba, Wisnu, alikuwa kijana mzuri wa Solo, na nyumbani kwao walikuwa watu wa kufuata mila nukta kwa nukta. Kwa Wajava, siku moja kabla ya ndoa bibi harusi huogeshwa kwa maji ya maua, na akishaogeshwa, mama yake huuza dawet uani. Anauza mama mwenyewe, kwa mkono wake, baba akimshikia mwavuli, na wageni hulipa kwa vigae vya udongo. Halafu wazazi humlisha binti yao tonge la mwisho la usichana wake. Asiyefanya hayo hajamwoza binti, amealika watu kula tu.

Siku ya posa, Sumarni, shangazi yake Wisnu, aliingia jikoni na kumuuliza Ginem kwa sauti ya chini, "Ile mikono ya mama mtu, inaambukiza?"

"Hapana, dada, ni ngozi tu."

"Ngozi tu," akasema Sumarni, na hakuuliza tena.

Wagiyem alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Kuanzia hapo hakuwaza nguo, wala mapambo, wala idadi ya kuku. Aliwaza kwamba atasimama uani na upawa mkononi, wageni wote watakuwa wameshiba, na mwanawe ataingia nyumba ya watu akiwa binti wa mwanamke ambaye dawet yake hainyweki.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alipaka manjano mpaka shuka zikawa njano. Aliacha mayai, akaacha kamba, akaacha dagaa. Ginem akamletea mijusi ya kukaanga, dawa ya wazee ya kuondoa muwasho.

"Kula, dada. Fumba macho utafikiri kuku."

"Kuku gani ana mkia huu?"

Akala. Mijusi ilikufa bure. Hapo ndipo alipotokea muuza jamu, ile mitishamba ya Kijava, juu ya pikipiki, mwenye kipaza sauti na vipakiti vya unga wa mizizi, dawa ya baridi yabisi, ngozi, na hata uchovu wa ndoa. Wajava wengi wamelelewa kwa jamu, mama zao waliinywa wakiwa na mimba zao, kwa hiyo Wagiyem hakuona sababu ya kuishuku. Akanywa asubuhi na jioni.

Ngozi ikasafika! Haikuchukua hata mwezi. Viganja vikawa laini kama vya mwari, na uso ukanenepa, ukawa wa mviringo, majirani wakamwambia, "Mama Ningrum, harusi imekunawirisha." Alifurahi kwa furaha ya kitoto. Siku moja alikwenda sokoni, akamwondoa Ginem kwenye kiti, akauza mwenyewe mpaka vyungu vikakauka. Jioni hiyo aliimba akiosha mabakuli.

Kisha muuza jamu akatoweka. Wengine walisema anatafutwa na polisi, wengine walisema amehamia mkoa mwingine. Pakiti ya mwisho ilipokwisha, ugonjwa ulirudi na ndugu zake wote. Ulishika mikono, mapaja, mgongo, mpaka masikioni. Alitetemeka kwa homa huku ngozi ikiwaka moto, na Sarjono akampakia kwenye pikipiki na kumpeleka kituo cha afya.

Daktari, mwanamke mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliitazama ile pakiti tupu, kisha akautazama uso wa mviringo.

"Mama, hii siyo mizizi peke yake. Kwa ninavyokuona, wamesagia vidonge vikali vya hospitali humu ndani. Ndivyo vilivyokuvimbisha uso. Na ukiviacha ghafla, ngozi inalipiza kisasi."

"Kumbe nilipona kwa uongo."

"Hukupona, ulifunikwa."

Wagiyem akauliza lile moja lililomleta. "Ndoa ya mwanangu ni mwezi ujao. Nitakuwa nimepona?"

"Mama yangu, huu huponi. Huu unautuliza, ukiamka unautuliza tena. Mikono tutajitahidi ipungue. Kuahidi siahidi."

Walimlaza siku kadhaa mpaka homa iliposhuka na damu yake ikapimwa. Aliporudi nyumbani alikuwa na mirija ya marhamu, na maelekezo ambayo hayana mvuto wowote wa kuyatangaza kwa kipaza sauti. Aoge maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Asijisugue kwa jiwe. Kabla mwili haujakauka ajipake mafuta mazito. Usiku apake ile marhamu nyeusi inayonuka lami na kufunga mikono kwa batiki kuukuu. Asubuhi aote jua kidogo, jua changa, asiungue. Basi akawa anaketi nyuma ya banda la kuku na mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayeomba, kuku wakimdonoadonoa kanga ya miguuni. Muwasho ukapungua. Akaanza kupata usingizi wa kipande kirefu kidogo. Magamba yakawa membamba, nyufa zikafunga moja moja. Ilikuwa nafuu ya kweli, ila ni nafuu ya kobe, na harusi ilikuwa inakuja kwa miguu ya farasi.

Siku ya kuogeshwa Ningrum ilipofika, mikono ilikuwa na mabaka mekundu yanayoonekana kutoka upande wa pili wa uwanja. Sumarni alikwisha kuwasili na birika la maji kutoka nyumbani kwa bwana harusi, kama mila inavyotaka, akaketi mstari wa mbele. Ginem akamvuta dada yake chumbani na kumtolea glavu nyeupe, zile za wanafunzi wanaopandisha bendera.

"Vaa. Watu watadhani ni pambo."

"Watadhani?"

"Hawatadhani. Lakini watanywa."

Wagiyem hakuwa na nguvu ya kubishana. Akavaa. Binti alipokwisha kumwagiwa maji na kupelekwa ndani kubadilishwa nguo, mama akatoka uani, akasimama nyuma ya vyungu, Sarjono akafungua mwavuli juu yake. Na kweli walinywa. Walikuja kwa mstari, vigae mkononi, wakisifu glavu. "Mama Ningrum, umependeza, utafikiri unapokea rais!" Wakacheka, wakanywa, wakarudi vitini. Ndani ya kitambaa marhamu ilikuwa ikimwasha na jasho likiuma kwenye nyufa. Alipakua, akapokea vigae, akapakua. Hakumuuliza mtu yeyote kuhusu mchumba wala mume wa zamani. Alijua kinachouza dawet siku hiyo ni glavu, na yeye amesimama tu ndani yake.

Sumarni hakuinuka kitini. Kigae chake alikuwa amekishika pajani.

Ningrum akatoka, nywele mbichi zikinukia yasmini, akaketi kwenye mkeka mbele ya wazazi wake. Wagiyem akamega wali na kuku, akafinyanga tonge kwa vidole vya kitambaa, akalipeleka kinywani mwa mwanawe. Ningrum hakufungua mdomo.

"Kula, mwanangu," Wagiyem akanong'ona.

"Vua kwanza, Mama."

"Watu wanatutazama."

"Watazame. Mimi nimelishwa na mkono huu tangu sina meno. Kitambaa sikijui."

"Ningrum, usinitie aibu leo. Tafadhali. Nimechoka."

"Najua umechoka. Vua."

Wageni wote, kwa adabu yao, wakaanza kuangalia miti. Wagiyem alibaki na tonge hewani. Hapo Sarjono akaufunga mwavuli, akauegemeza kitini, akapiga magoti mbele ya mkewe. Alilitoa tonge mkononi mwake akaliweka sahanini. Akaivuta ile glavu taratibu, kidole baada ya kidole, maana ilikuwa imeganda kwenye nyufa, na magamba yakamwagika kwenye sarong yake nyeusi aliyojifunga kiunoni. Hakuyapangusa. Akavuta na ya pili, akamletea bakuli la maji anawe.

"Mlishe mtoto," akasema. "Anasubiri."

Wagiyem akamega tonge jingine kwa mkono wake wenyewe. Gamba dogo lilidondoka juu ya wali. Aliliona, na Ningrum aliliona. Akataka kurudisha mkono, lakini binti alishamdaka kifundo cha mkono, akalivuta tonge, akala, na akalamba vidole vya mama yake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Wagiyem alilia waziwazi, kamasi na yote, bila kitu cha kujifutia kwa sababu glavu zilikuwa chini zimejaa tui.

Walipokuwa wanamwinua Ningrum kumrudisha ndani, Sumarni akasimama. Akatembea mpaka kwenye vyungu, akanyoosha kigae chake.

"Mimi sijauziwa."

Ginem akarukia upawa. "Karibu, dada, nikupakulie—"

"Wewe uza sokoni. Leo anauza mwenye binti."

Wagiyem alirudi nyuma ya vyungu. Mikono ilikuwa mitupu, myekundu, inang'aa mafuta, na hakuwa na pa kuificha. Akashika bakuli. Maneno yalimtoka yenyewe.

"Tamu ya mchumba au tamu ya mume wa zamani?"

Sumarni akacheka mpaka akashika ubavu. "Ya mume wa zamani, dada. Mimi nina kisukari."

Wagiyem akapakua sukari kidogo, tui jingi. Sumarni akalipokea bakuli kwa mikono miwili, vidole vyake vikigusana na vya Wagiyem, akanywa pale pale amesimama mpaka tambi ya mwisho. Nyuma yake hakuna mwingine aliyejipanga. Wageni walikuwa wameshiba. Sumarni akarudisha bakuli tupu, akaitazama ile mikono bila kugeuza macho, akauliza swali ambalo sokoni, jikoni na msibani hakuna aliyewahi kumuuliza Wagiyem.

"Inauma?"

Wagiyem akaigeuza mikono yake, akaitazama.

"Inachosha," akasema.

"Basi kaa," akasema Sumarni, akamsogezea kiti.