Asiyeitika Hayupo

Sheria za kidato cha kwanza niliziandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, kwenye karatasi ya manila niliyoibandika kando ya ubao. Zilikuwa kumi na moja. Kufika kabla ya saa moja asubuhi. Nywele fupi. Kazi za nyumbani ziwe mezani kwangu kabla ya kengele ya mstarini. Asiyefikisha wastani atabaki jioni. Fagio la chelewa na dumu la maji kila Jumatatu, maana huku kwetu juu, njia ya Masasi kwenda Newala, maji hayajawahi kuwa kitu cha kuchezea. Na ya nne, niliyoipenda kuliko zote: ukiitwa jina, simama, itika, asiyeitika hayupo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kuwa mwalimu wa darasa, na niseme ukweli, nilijiona. Mkuu wa shule, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali, aliwahi kunisifia mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mwalimu nisiye na mzaha. Alikuwa na kauli yake aliyoirudia kila kikao: mila ziishie getini. Wenyeji tulikuwa wachache pale ofisini. Kila aliposema hivyo wageni walicheka, na mimi nilicheka nao.

Jumatatu ile ya Januari niliita majina arobaini na manane. Arobaini na saba waliitika. Jina moja la msichana niliita mara tatu, na msichana mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa pili, mikono juu ya dawati, akinitazama. Nilijua ni yeye kwa sababu darasa zima lilimgeukia. Hakusimama, hakuitika. Wala hakuwa na jeuri usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayesikia akiitwa mtu mwingine. Nikamwekea sifuri kwenye daftari la mahudhurio, nikaendelea.

Nilijua kwa nini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua tangu dakika ile. Msichana alitoka upande wa Chiwata, na Desemba ile, baada ya kumaliza darasa la saba, alikuwa amechezwa unyago. Kwao, anayetoka unyagoni hutoka na jina jipya. La utotoni huachwa kulekule, na kumwita mtu kwa jina hilo ni kumwambia bado ni mtoto asiyefunzwa. Ni tusi hata likitoka kwa mama yake mzazi. Lakini orodha ya kidato cha kwanza huja na majina ya mtihani wa darasa la saba. Jina lake la mtihani lilikuwa ndilo hilo lililoachwa.

Mimi mwenyewe nilichezwa. Ni mtoto wa Lulindi, babu yangu alikuwa mwalimu wa dini, na unyago wetu wa Kianglikana ulianza kwa sala ukaisha kwa sala, lakini majina tulipewa vilevile. Kaka yangu aliniita lile la zamani mara moja tu, kwa utani, tukiwa tunakula. Bibi aliondoa sahani mbele yake, akaiweka kando, asimrudishie mpaka alipopiga magoti kuniomba radhi. Nakumbuka raha niliyoisikia siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na sikuwahi kutetewa na mtu mzima namna ile.

Basi kwa nini? Ningeweza kuita jina jipya kwa mdomo na kuweka tiki kwenye la zamani, daftari lisingelalamika. Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Kila Januari napita dawati kwa dawati nikiuliza wanaitwaje nyumbani, naandika kwa penseli pembeni. Lakini mwaka ule nilikuwa na sheria yangu ya nne, na nilikuwa na mkuu wa shule wa kumfurahisha. Wasichana wengine watatu waliotoka unyagoni likizo ileile walikuwa wameitika majina yao ya zamani, vichwa wameviinamisha, nikajiambia na huyu wiki mbili zitamlainisha. Kumbe nilikuwa nashindana na mtoto, na nilikuwa natafuta kushinda.

Alikuja kila siku. Mvua ilinyesha, barabara ikawa tope jekundu, wenzake wa karibu wakachelewa, yeye alikuwa ameshafagia. Niliita, akanyamaza, nikaweka sifuri. Mwezi wa pili tukatoa jaribio la hisabati, na karatasi yake ikawa ya kwanza darasani, ya pili ikiwa mbali nyuma. Juu, mahali pa jina, alikuwa ameandika lile jipya kwa herufi za kuviringa, akalipigia mstari kwa rula. Nilichukua kalamu nyekundu nikalikata, kwa nguvu, mara mbili. Pembeni nikaandika la orodha. Kisha, kwa kuwa daftarini alihesabika mtoro, sikuziingiza alama zake. Nilipomrudishia aliiangalia kwa muda, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi.

Mwezi wa tatu sifuri zikafika idadi ambayo jina lazima liende kwa mtendaji wa kata pamoja na ya watoro wengine. Niliiandika orodha hiyo mimi. Mama yake akaitwa shuleni. Alinizidi umri kwa miaka isiyopungua kumi na mitano, lakini aliposimama mlangoni pa ofisi, khanga ameifunga vizuri, ni yeye aliyeanza.

“Shikamoo, mwalimu.”

Nikaitikia marahaba, nikiwa nimekaa. Naona haya kuliandika hili.

“Mwalimu, huyu mtoto hajakosa hata siku moja,” akasema. “Sketi naifua mimi. Kila jioni inarudi na vumbi la chaki.”

“Haitiki, mama.”

“Lile jina kaliacha, mwalimu. Hata mimi siliiti.”

Mkuu wa shule, aliyekuwa ameketi kando yangu, alimsomea sheria ya nne kutoka kwenye nakala yake, kisha akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba jina la mtihani ndilo litakalokwenda mpaka kwenye cheti, na kulibadili ni safari ya mahakamani Masasi na kiapo na kungoja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia, na hakuniita mwalimu.

“Na wewe, mwanangu, ulichezwa wapi?”

Mkuu hakuelewa swali. Mimi nililielewa vizuri sana, nikatazama dirishani. Ningejibu Lulindi, labda mambo yangekwenda vingine; ningekuwa nimemwambia mbele ya mkuu kwamba najua ninachomfanyia mwanawe.

“Sheria ni ya wote, mama,” nikasema.

Akakaza fundo la khanga. “Basi ataitika,” akasema.

Kesho yake niliita, na msichana akasimama. “Nipo, mwalimu.” Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake darasani. Mtu mmoja nyuma alicheka, wakacheka wote, nikagonga meza. Kisha nikaweka tiki, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Saa ya mapumziko lile jina lilikuwa limeenea uwanja mzima. Wenzake watatu walioitika tangu siku ya kwanza hakuna aliyewahi kuwachokoza. Yeye alikuwa ameuonyesha umma kwa miezi miwili jinsi jina lile linavyomuuma, kwa hiyo walijua pa kubonyeza. Hata wavulana wa kidato cha pili wasiomjua walilipigia makofi. Niliwapigisha magoti wavulana watatu juani. Haikusaidia chochote, wengine waliendelea kwa kunong'ona, na jioni wakalipeleka barabarani njia nzima ya kurudi kwao. Siku ya pili aliitika tena, macho makavu. Siku ya tatu niliita jina nikatazama mstari wa pili, na dawati lilikuwa tupu.

Sifuri niliyoweka asubuhi hiyo ilikuwa ya kwanza ya kweli.

Nilisubiri wiki moja, nikijidanganya kwamba ni homa. Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Chiwata. Nilikuwa nimebeba karatasi zake za mazoezi nilizozikuta kabatini, zilizoandikwa namba yake ya daftarini tu, zote za alama za juu, kana kwamba mama yake ndiye aliyehitaji kushawishiwa kuwa mtoto ana akili. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Safari hii nilimwahi mimi: shikamoo, mama. Akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta.

“Kaenda kwa mama yake mdogo, Newala,” akasema. “Kasema harudi huko.”

Nikamwomba. Nilimwambia nimekosa, na kwamba nilichezwa Lulindi, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Nilimwambia zile sifuri nitazieleza mwenyewe kwa mkuu, na orodha ya mtendaji nitaifuata. Nikasema amrudishe tu, nafasi yake ipo, na kuanzia siku atakayorudi nitamwita kwa jina lake, lile jipya, mbele ya darasa zima, na atakayecheka atanitambua.

Mama aliuweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza nikaona kitu usoni pake kilichofanana na tumaini.

“Liite basi,” akasema. “Nami nikusikie.”

Nilifungua mdomo. Nililiona lile jaribio la hisabati, ule mstari wa rula, zile herufi za kuviringa, na juu yake wino wangu mwekundu umepita mara mbili. Nilijaribu kusoma chini ya wino. Nililisoma siku ile, lazima nililisoma ili nilikate, lakini halikuja, hata herufi yake ya kwanza haikuja. Lililokuja ni lile la orodha, nikaling'ata ulimini lisitoke.

Mama alisubiri. Kuku walikuja wakadonoa mtama kando ya ungo, hakuwafukuza. Alisubiri kwa adabu, muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akainuka, akajipangusa mikono.

“Basi hayupo, mwalimu,” akasema, akaenda kunichotea maji ya kunywa.