Mokami na Moshi wa Mazizi

Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijiji kipya, upande wa Kisaka, nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Kule tulikotoka kila boma lilikuwa peke yake kilimani. Jioni watu waliwasha samadi kavu zizini ili moshi ufukuze mbung'o na mbu, kisha moshi ukapotelea porini bila kumsumbua mtu. Tukahama na mazizi yetu na mioto yetu vilevile, hatukufikiri. Jua likizama, kijiji kizima kilikuwa kama chungu kilichofunikwa.

Aliyeumia zaidi ni jirani yangu Mokami, maana mumewe Athanas alikuwa na pumu. Alilala ameketi, mgongo ukutani, mkewe akimpepea kwa ungo. Mganga wa zahanati alimwambia wazi kwamba dawa ipo kidogo, ila moshi huu utammaliza.

Mokami akaenda kwa Heche, mwenye zizi kubwa kule upepo unakotokea.

"Shemeji, nakuomba usogeze moto wako bondeni."

"Moto uende bondeni, ng'ombe wabaki hapa wakiumwa? Au niwashonee vyandarua, shemeji?"

Waliokuwapo wakacheka. Mokami akaondoka. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Benedicto, mara tatu, kila mara akitoka kulima shamba la kijiji. Mara ya tatu balozi akaitisha mkutano: mazizi yote yahamie bondeni, yalindwe kwa zamu.

Wa kwanza kupinga alikuwa Athanas mwenyewe. Alisimama kwa fimbo.

"Mwanamume asiyesikia ng'ombe wake wakicheua, huyo ana boma gani? Wezi wata..." Kikohozi kikamkata.

"Mura, mwanamume mwenzangu, umesema yote," Heche akasema. Mkutano ukavunjika hivyo.

Asubuhi yake Mokami aliswaga ng'ombe wao wawili hadi bondeni. Nilimsaidia kukata miiba ya zizi.

"Humwogopi mumeo?" nikamuuliza.

"Namwogopa. Nimesali, kisha nikaja."

Akaketi juu ya jiwe, mikono inavuja damu. Hata maji niliyompa alikaa nayo tu, hakunywa.

Athanas hakusema naye siku tisa. Lakini wanawake walipoona ng'ombe wa mgonjwa wamehama, kila mmoja alimbana mumewe, maana watoto wetu nao walikuwa wakikohoa. Mkutano wa pili ukapitisha sheria: atakayewasha samadi katikati ya nyumba atalima shamba la kijiji siku mbili. Heche alihama wa mwisho, baada ya kulima siku nne. Jioni tukaanza kuona mlango wa jirani.

Karibu na mavuno, wezi wakaingia bondeni. Kati ya waliochukuliwa alikuwemo ng'ombe mmoja wa Athanas. Siku hiyo alimgombeza Mokami tangu alasiri.

"Nilikwambia. Nilisema mbele ya watu wote. Ng'ombe hatengwi na mwenyewe. Sasa nenda ukalikamue lile jiwe lako la bondeni."

Mokami alikuwa akichambua mtama, macho mekundu kwa uchovu, kwa kuwa zamu ya ulinzi ya mumewe aliishika yeye. Nikamwambia pole, mwenzangu.

"Mwache aseme," akaninong'oneza. "Tangu aanze, umemsikia akikohoa?"

Sikuwa nimemsikia. Mokami akavuta ungo karibu, akaendelea na mtama wake, na Athanas akaendelea kugomba.