Walizima Gemu Yenye Sauti ya Marehemu Kaka Yangu, Sasa Wanataka Niwapigie Debe

Admin, nifichie jina langu, Lushoto tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 29, sijaolewa, nina kibanda cha gemu hapa mjini. Wanaosema gemu ni za wahuni wapite tu, leo siwahitaji.

Kibanda tulikifungua na kaka yangu. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, jembe hakuliweza, lakini ukimpa pedi ya kuchezea gemu anakuwa mtu mwingine. Kulikuwa na gemu ya kujenga vijiji, inachezwa kwa intaneti tu, tuliinunua kihalali kutoka kampuni kubwa ya nje. Humo kaka alijenga kijiji chetu cha Rangwi: matuta ya mboga, kanisa, nyumba ya mama na mpeasi pembeni. Ukifungua mlango unasikia sauti yake aliyoirekodi, anasalimia kwa Kishambaa: "Onga mshi, mama. Karibu ndani, mwanao nipo."

Kaka akafariki. Mama akawa kila akija sokoni anatua kikapu kibandani, ananiambia, "Nifungulie kwa kaka yako." Anasikiliza, anaitikia, anafuta machozi, anaenda kuuza karoti zake.

Mwaka jana kampuni ikatoa toleo jipya na kuzima seva za lile la zamani. Kijiji chote kikapotea. Niliwaandikia kuwaomba angalau ile sauti. Wakajibu kwamba sikununua gemu, nilinunua ruhusa ya kucheza, na ruhusa imekwisha. Hata pole hakuna! Mama alipokuja nikamdanganya intaneti inasumbua. Akaja tena, nikamdanganya tena, mpaka akanishika mkono: "Mwanangu, sema tu. Amekufa mara ya pili?"

Tangu siku ile sijawasamehe, na sitaki kuwasamehe.

Sasa wakala wao wa hapa nchini kanipigia. Wanazindua toleo jipya Tanga, kutakuwa na mashindano, wanataka nipande jukwaani niseme gemu zao zilivyobadilisha maisha yangu. Nikamuuliza kuhusu kijiji cha kaka. Akacheka. "Dada, hayo yameisha. Nyie wachezaji mnanuna kidogo, halafu mnanunua jipya."

Nikamjibu kwa sauti tamu kabisa, "Nitakuja, kaka."

Nitakuja kweli. Nitapendeza, nitashika maiki, nitatabasamu, halafu mbele ya kamera zao nitasimulia yote na kuwasomea majibu yao neno kwa neno. Nataka yule wakala atafute pa kuficha uso. Nataka kila mzazi pale arudishe hela yake mfukoni.

Kinachonikwamisha ni Zuhura, binti anayecheza kibandani kwangu. Ndiye anayewakilisha Lushoto, na akishinda wameahidi kumsomesha chuo cha kompyuta. Baba yake alikuwa hataki kusikia habari za gemu, mimi ndiye niliyempigia magoti. Nikiwaaibisha watamtupa. Nilipomweleza, alisema, "Dada, waumbue tu. Ila subiri nimalize kucheza." Alisema hivyo bila kuniangalia.

Mama naye ameshanunua kitenge cha siku hiyo. "Nitakaa mbele kabisa," kaniambia, "nataka nimwone huyo mtu usoni."

Ni Jumamosi hii. Ndugu zangu, mliowahi kuonewa na wakubwa mkaambiwa msahau, niambieni ukweli: niwachome, au nimeze tena kwa ajili ya mtoto wa watu?