Vipakiti vya Wageni

Niseme mapema: sina ugomvi na mikahawa ya vioo. Ugomvi wangu ni na mkono birika. Ukiingia mahali ukaletewa tishu iliyokatwa vipande vinne, ili kila mteja apanguse kidole kimoja, jua kuna mtu ndani anayekuona mwizi kabla hujaketi. Mimi nauza masala ya chai katika vipakiti, kimoja kwa kikombe kimoja, kwa hiyo watu hao nawajua. Nimewabembeleza. Nimewachekea hata pale ambapo hakukuwa na cha kuchekesha.

Naishi Bungoma, na huko ndiko ninakosagia. Iliki na mdalasini nanunua kwa familia ya Kihindi yenye duka la jumla mjini. Tangawizi natoa kwa mama yangu kule kijijini Endebess, kwenye kishamba kilicho nyuma ya zizi la ng'ombe. Anaichimba, anaiosha, anaikata vipande vyembamba, anaianika juu ya gunia. Siku za kukata, vidole vyake huwaka hadi hathubutu kujikuna jicho. Hayo huyaoni kwenye kipakiti. Unaona karatasi ya rangi nzuri tu.

Nilianzia Bungoma, kwenye hoteli ndogo ya mwanamke mmoja mcheshi. Nilikwenda na chupa yangu ya chai, maana harufu huwezi kumweleza mtu kwa mdomo. Alionja, akaviweka vipakiti kwenye kikapu mezani, kando ya sukari. Wateja wakatia kwenye chai, wengine wakatia mfukoni. Nilipomwuliza kama haoni hasara, alinicheka.

"Wacha wabebe bana! Si wataludi wakitafuta hiyo harufu?"

Na kweli walirudi.

Lakini mimi nilikuwa nimeutamani mkahawa mmoja wa Kitale, ule wenye viti vya ngozi na kahawa iliyochorwa jani juu ya povu. Meneja wake, kijana wa viatu vya kung'aa, alinizungusha wiki baada ya wiki. Leta sampo. Leta sampo nyingine, bosi hajaonja. Nilipeleka mpaka nikaanza kushuku kwamba ukoo wake mzima unakunywa chai kwa jasho langu. Mwishowe alikubali, na tukapatana hivi: kila anayeagiza chai awekewe kipakiti kimoja kwenye kisahani chake, bila kuulizwa.

Baada ya hapo, kimya. Nikipiga simu naambiwa, "Madam, bado ziko mingi. Haziendi." Siku moja akaongeza, "Watu wanasema tangawizi imezidi."

Ilibidi nimwambie mama asikate nyingine kwanza, na akataka kujua kwa nini. Nilimweleza. Hakubishana. Alisema kama watu wa Kitale hawaitaki tangawizi yake, ataing'oa apande nyasi za ng'ombe. Ila kwanza alitaka kuwaona kwa macho yake wakiikataa.

Alikuja Kitale siku aliyokuwa na safari ya kununua dawa ya kupe. Kwao mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo alikuja na gambuti, leso kichwani, na koti la marehemu baba. Nje ya mkahawa alipangusa matope kwenye nyasi, mguu huu, kisha ule, kama anayeingia kanisani. Mimi nilikuwa na suti yangu ya kutembezea bidhaa. Sikumtafuta meneja, kwa kuwa nilitaka tuhudumiwe kama watu wengine.

Tuliagiza chai. Msichana wa aproni nyeusi akatuletea. Kwenye kisahani changu kulikuwa na kipakiti. Kwenye cha mama kulikuwa na kijiko.

Mama alitazama kisahani changu, akatazama chake. "Na yangu, msichana wangu?"

Msichana akainama na kujibu kwa upole, upole ambao mpaka leo unaniudhi kuliko tusi. "Pole, mama. Hizo ni za wageni."

"Ah," mama akasema. "Kama ni za wageni, sawa."

Sawa! Na alisema kwa moyo safi, maana hata kwake kuna vikombe vya maua ndani ya kabati la vioo ambavyo sisi watoto hatukuvigusa mpaka aje padri. Yeye aliona ni utaratibu wa nyumba. Mimi niligeuza macho. Bwana mwenye tai, ana kipakiti. Kijana wa kompyuta, ana kipakiti. Wazee wawili waliotoka kuuza mahindi, mabega yamejaa vumbi, hawana kitu.

Nilifura kwa hasira. Nilikwenda kaunta, nikamkuta meneja amefungua droo kwa ufunguo wake. Vipakiti vyangu vilikuwa vimejaa humo tele.

"Si tulipatana ni kila mtu?"

"Madam, tulia. Hawa wa shamba ukiwawekea, wanabeba ati wapelekee watoto. Mimi nakulindia bidhaa."

"Uliniambia haziendi. Uliniambia tangawizi imezidi."

Alicheka kidogo. "Sasa ningesema nini?"

"Yule wa gambuti ni mama yangu," nikamwambia. "Tangawizi yote iliyo kwenye hiyo droo ameikata yeye."

Akamtazama mama. Nilidhani ataona haya. Akasema, "Si ungesema mapema, tungempatia."

Hapo ndipo nilipopasuka. Kwamba mama apewe kwa sababu ni wangu! Na wale wazee, wao hawakuzaliwa na mtu? Nilitia mikono yote miwili kwenye droo, nikachota, nikapita meza kwa meza nikiweka kipakiti kwenye kila kisahani kisichokuwa nacho. Wale wazee niliwawekea viwili viwili. Meneja alinifuata nyuma, "Madam tafadhali, madam." Mzee mmoja akauliza kama ni dawa. Nikamjibu ni tangawizi ya Endebess, atie anywe. Meneja akaniambia nisikanyage tena pale, nami nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mama alikuwa ameshasimama mlangoni, chai yake hajaigusa. Nilimtia kipakiti kimoja mkononi. Alikitia mfukoni mwa koti, tukatembea hadi stendi.

"Umeniaibisha," alisema. "Kwa nyumba ya watu. Mtu akikwambia kitu ni cha wageni, wewe unang'ang'ania?"

Nilirudi Bungoma nimemkasirikia meneja, nimemkasirikia na mama pia, na hiyo ya pili ndiyo iliyoninyima raha.

Nilipokwenda tena Endebess, nusu ya tangawizi ilikuwa imeshang'olewa ipandwe nyasi, maana mama alihesabu kwamba kitu cha wageni peke yao hakina soko. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai, maziwa na majani matupu. Sebuleni, ndani ya kabati la vioo, kipakiti changu kilikuwa kimesimamishwa kati ya vikombe vya maua, hakijafunguliwa.

"Mbona hujaonja?"

"Hiyo? Hiyo ni ya wageni."

Nilifungua kabati, nikatoa kikombe cha maua, nikamimina chai. Alipoona nashika kipakiti aliinua mkono kunizuia, lakini nilikuwa nimeshakichana. Nilikoroga, nikamwekea mbele.

Alikunywa huku amenuna. Akatulia. Akanywa tena.

"Kumbe ni hii yangu," alisema.

"Ni hiyo yako."

"Na haijazidi."

"Haijazidi, mama."

Alikiweka kikombe chini. Nikaona hasira ikimpanda taratibu kutoka shingoni, hasira ninayoifahamu kwa sababu kwake ndiko nilikoirithi.

"Sasa wale walikuwa wananinyima nini?"

Akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akaanza kutafuta gambuti zake, huku akiniuliza gari la mwisho la Kitale huondoka saa ngapi.